Mimi Nilikuona

Hotuba niliyoitoa Novemba 2012 katika kambi ya uwanja wa ndege wa Kandahar, Afghanistan, mbele ya wafanyakazi wa kiraia wanaozungumza Kiswahili. Wengi wao walikuwa wamebakiza wiki chache za mkataba. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema.

Ndugu zangu, dada zangu, na wazee wetu mliokaa mbele, habari za jioni.

Nawashukuru kwa kuja. Naona kuna waliotoka zamu sasa hivi, vumbi bado liko kwenye nyusi, na kuna watakaoingia zamu ya usiku wakitoka hapa. Sitawaweka sana. Lakini sitakimbia pia, maana jambo nililoombwa kulisemea ndilo lile ambalo kila mmoja wetu hulipita mbio hapa kambini: namna ya kuondoka.

Mimi nimebakiza siku 19. Nimekaa Kandahar miaka miwili na miezi minne, muda wote ghalani, kwenye maji ya chupa na vipuri vya jenereta. Sijashika bunduki hata siku moja. Nanyi wengi ni hivyo hivyo: wapishi, madobi, mafundi umeme, madereva wa malori ya majitaka, makarani, na wale wanaopiga deki bwalo la chakula usiku wa manane ili asubuhi askari akute sakafu safi. Tulikuja vitani na si wapiganaji. Sasa zamu yetu inaisha.

Tazameni askari anavyoondoka. Alikuja na kikosi, anaondoka na kikosi. Siku ya mwisho wanapangwa mstari, mkubwa wao anasema maneno mawili matatu, picha inapigwa. Huko kwao kuna jalada lenye tarehe aliyofika, mahali alipowekwa na mashambulizi aliyoyapitia. Goti likimuuma miaka kumi baadaye, jalada lipo, linafunguliwa, linasomwa. Wala simwonei wivu. Nimesimama nanyi pembeni ya barabara ile majeneza yakipita kuelekea kwenye ndege, na sitayasahau. Anachopewa ni haki yake.

Sisi tunaondoka mmoja mmoja. Unarudisha godoro. Unarudisha helmeti na fulana ya kuzuia risasi, mtu anazigeuza kuangalia kama kuna kamba iliyokatika. Unarudisha ufunguo wa kontena ulimolala. Mwisho unafika kwenye dirisha dogo, unaivua kadi shingoni, karani anaipokea, anatia alama kwenye orodha, anaita anayefuata. Kisha unakaa juu ya begi lako kungoja ndege yenye nafasi, saa sita, saa kumi, pengine siku mbili. Wenzako wako kazini, hakuna wa kukusindikiza. Wale mliowahi kungoja karibu na jengo la zamani la abiria mnayajua matao yake. Uwanja huu ulijengwa kwa fedha na mafundi wa Marekani, kazi iliyoanza miaka ya 1950 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na matao yale yalikusudiwa kupokea wasafiri wa kawaida, watu wa biashara na watalii. Kila nikipita pale hunijia huzuni kidogo.

Hiyo kadi nataka niisemee. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa tarehe 12 Agosti 1949, kifungu cha 4, unawataja watu wanaofuatana na majeshi bila kuwa askari: wanaoleta mahitaji, vikosi vya vibarua, waandishi wa habari za vita, wahudumu wa ustawi wa askari. Unasema watu hao wakiangukia mikononi mwa adui wahesabiwe mateka wa vita, na unalitaka jeshi wanalofuatana nalo liwape kadi ya kuwatambulisha. Yaani walioketi Geneva miaka minne baada ya vita vikuu walijua kwamba watu kama sisi tupo. Walituwekea mstari wetu kwenye maandishi. Kwa zaidi ya siku 800 kadi hiyo imekuwa ikigonga kifua changu kila ninapoinama kuinua boksi. Siku nitakayoipitisha kwenye lile dirisha, sitakuwa tena na kitu mfukoni kinachosema nilikuwa hapa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wanasemea biashara. Mimi jioni hii nasemea miaka yetu.

Niwaeleze yaliyonipata.

Ilikuwa Agosti mwaka jana, saa tatu kasoro usiku. Joto mnalijua, na upepo ulikuwa unatoka upande wa bwawa la majitaka, kwa hiyo sote tulikuwa tumejifunga vitambaa puani. Tulikuwa watatu nje ya ghala. Mzee mmoja dereva wa lori alikuwa anangoja apakiwe. Dada mmoja wa dobi alikuja kuchukua katoni za maji za zamu yake. Mimi nilikuwa nakata plastiki ya paleti kwa kisu. King'ora kikalia, na ile sauti ya mwanamke iliyorekodiwa ikaanza kutangaza roketi. Tukalala kifudifudi juu ya kokoto, kama tulivyofundishwa siku ya kwanza: usikimbie, lala, hesabu dakika mbili, ndipo uende kwenye handaki la zege.

Sikufika hata ishirini. Roketi ilianguka upande wa pili wa mapaleti. Mlio wenyewe siukumbuki. Nakumbuka kama kofi la kiganja kilicholowa maji, sikio la kulia, kisha kimya. Ndani ya kile kimya nikahisi kifua kinalowa. Nikadhani ni damu, nikajiambia basi, ndio hivi. Kumbe ni maji. Mapaleti yalikuwa yamepokea vile vipande vya chuma badala yetu, mamia ya chupa yamepasuka kwa mara moja, maji yanapita chini ya kokoto, na vumbi la Kandahar, laini kama unga, linageuka tope mdomoni mwangu. Mwanga ulipowashwa yule dada akanionyesha sikio langu kwa kidole. Palikuwa na uzi mwembamba wa damu. Nikaufuta kwa glovu.

Kesho yake asubuhi niliingia kazini kama kawaida. Nawaombeni mnisikilize hapa, maana hili ndilo kosa langu, na najua humu ndani sipo peke yangu. Sikwenda kuandikisha. Mwezi ule mikataba ilikuwa inarefushwa, na maneno yalikuwa yanazunguka kwamba mgonjwa harefushiwi. Nilikuwa na ada za shule za kulipa. Nikanyamaza. Sikio likaanza kuvuma, mvumo wa jenereta lililo mbali, halizimwi wala halikaribii. Linavuma hata sasa ninavyowasemesha.

Aprili mwaka huu, nilipoona halikomi, nilikwenda kwenye ofisi inayohusika. Siitaji, na karani aliyenipokea hakunidharau hata kidogo. Aliniuliza maswali mawili. La kwanza: tarehe gani? Nikasema Agosti, katikati ya mwezi. Akasema usiku huo wa Agosti una tarehe. Nikakaa kimya. La pili: nani alikuona?

Ndugu zangu, nilitoka pale nikatembea mpaka nikajikuta nimefika upande wa pili wa kambi. Nani aliniona? Mzee wa lori mkataba wake uliisha Januari, namba aliyoniachia haiiti. Dada wa dobi alikuwa amehamishiwa kambi nyingine, na sikuwa nimewahi kumuuliza jina lake la ukoo. Watu watatu tulilala kokoto moja, tukanusurika pamoja, na miezi minane baadaye hakuna aliyejua pa kumtafuta mwenzake. Asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii niliisikia tangu nikiwa mtoto, lakini pale ndipo iliponiingia.

Kwa hiyo nilianza kusoma. Niliwauliza wanaojua, nikaomba nisomewe nisichokielewa. Ninachowaambia sasa si uvumi wa bwaloni.

Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayohusu wafanyakazi wa wakandarasi kwenye kambi zake za nje. Inamtaka mwajiri akukatie bima ya kuumia, kuugua na kufa kazini. Haiulizi pasipoti yako ni ya nchi gani. Mpishi, fundi, mlinzi, sote tumo, mradi kazi yetu iko chini ya mikataba ya serikali hiyo. Mwajiri anatakiwa abandike mahali pa wazi tangazo lenye jina la kampuni ya bima. Kesho mkienda kazini litafuteni. Mkiliona, nakilini lile jina kwa kalamu. Msiseme mtalikumbuka.

Ukiumia, unamwarifu mwajiri kwa maandishi ndani ya siku 30. Fomu yake inaitwa LS-201. Madai yenyewe yana fomu nyingine, LS-203, na kwa kawaida una mwaka mmoja tangu kuumia, au miaka miwili kwa maradhi yanayotokana na kazi. Kuchelewa siku 30 hakufungi mlango moja kwa moja, hasa kama mwajiri alijua tangu mwanzo, lakini kunaufanya mlango kuwa mzito kuusukuma. Nawaambia kama mtu aliyeusukuma. Mfanyakazi asiyeweza kufanya kazi kabisa hulipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake wa wiki. Viungo vina hesabu zake. Sikio moja likipoteza usikivu wote ni wiki 52 za malipo hayo, masikio mawili ni wiki 200, na ukipoteza sehemu unalipwa kwa kadiri ya sehemu. Tena kwa masikio sheria hii ina huruma zaidi: muda hauanzi kuhesabiwa mpaka umepimwa usikivu na kupewa majibu yako mkononi. Kwa hiyo pimeni kabla hamjaondoka, na ombeni nakala. Ukiambiwa majibu yatabaki kwenye jalada, sema asante, kisha omba nakala yako tena.

Na kifo. Tukisemee, maana tumekiona. Mfanyakazi akifa kwa kazi hii, mjane hulipwa nusu ya ule wastani wa mshahara, na wakiwapo watoto inafika theluthi mbili. Lakini sikilizeni ninyi vijana ambao hamjaoa wala kuolewa. Kwa sisi wa nchi nyingine, sheria inawatambua mke au mume na watoto. Wasipokuwapo, inawatambua baba na mama, ila wawe ni wazazi uliokuwa ukiwasaidia katika mwaka mzima kabla ya tukio. Utathibitishaje kwamba ulikuwa unawatumia? Kuna kijana mmoja hapa kila mwezi anampa mwenzake anayekwenda likizo fedha taslimu, ampelekee mama. Ni upendo huo, na uaminifu mkubwa. Ila haubakizi karatasi. Mwanangu, tuma kwa njia yenye risiti, na risiti itunze.

Jambo la pasipoti na nauli nitalipita upesi. Septemba hii Rais Obama ametia saini amri namba 13627. Inawakataza wakandarasi wa serikali yake kushikilia pasipoti za wafanyakazi na kuwatoza ada ya kuajiriwa, na inataka mfanyakazi aliyeletwa kutoka nje arudishiwe nauli ya kwao kazi inapoisha. Kanuni za kuitekeleza bado zinaandikwa. Lakini kushikilia pasipoti ya mtu hakukuwa halali hata kabla yake. Iraq, mwaka 2006, Jenerali George Casey, Mmarekani aliyeongoza majeshi ya muungano huko, aliwaamuru wakandarasi wazirudishe. Kama pasipoti yako iko kwenye droo ya mtu mwingine, idai wiki hii, kwa maandishi, usingoje siku ya ndege.

Sasa andikeni. Kila mtu awe na karatasi yake. Andika tarehe uliyofika na kambi ulizokaa. Andika kazi uliyoifanya hasa, maana kwenye mkataba umeitwa msaidizi, na kumbe ulikuwa unabadilisha betri za tindikali bila miwani. Andika kama kazi yako ilikuwa karibu na shimo la kuchomea taka, kwa miezi mingapi, na kikohozi kilianza lini. Pale pamechomwa plastiki, rangi, betri, mbao zilizopakwa dawa, na moshi wake tumelala nao. Andika kila roketi iliyoanguka karibu nawe: saa, mahali, uliyekuwa naye. Majina matatu kamili, na jina la kijiji au mtaa wa kwao. Namba za simu hufa, lakini kwao na mtu hapahami. Kisha yule uliyekuwa naye aweke saini, nawe umwekee kwenye yake. Tushuhudiane, jamani. Hakuna mwingine atakayetushuhudia.

Niseme pia kuhusu siku hizi za mwisho zenyewe. Mnajua saa za Afghanistan zina nusu: saa nne na nusu mbele ya Greenwich. Ukihesabu nyumbani ni saa ngapi, mara nyingi kuna nusu saa inabaki mkononi. Miaka miwili nimeishi na hiyo nusu. Lakini mwezi huu wa mwisho nimegundua sihesabu tena. Akili imeshaenda, inaishi saa za nyumbani, mwili ndio umebaki Kandahar. Hapo ndipo pa hatari. Mtu ambaye siku zake zinaisha hudhani na roketi zake zimeisha. King'ora kinalia, yeye amesimama anafunga zipu ya begi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye simu na mke wangu, king'ora kikalia, sikulala chini. Nilitaka kumaliza sentensi. Akauliza, hiyo ni nini? Nikamwambia ni zoezi.

Nimekuwa nikimwambia ni zoezi kwa miaka miwili na miezi minne.

Nilipokata simu nilikaa kwenye ngazi ya kontena nikatafakari. Nimelalamika sina shahidi hapa, na mtu wa karibu yangu kuliko wote duniani nimemnyima asiwe shahidi wangu. Nikifika nitakuwa mtu anayeruka mlango ukigongwa, anayegeuza kichwa kwa sababu sikio moja halisikii, anayekaa macho usiku bila neno, na yeye hatajua kwa nini, kwa kuwa kwa habari alizonazo mume wake alikuwa mahali penye mazoezi mengi. Atadhani nimebadilika kwa sababu yake. Nimeanza kumwandikia barua. Ni ndefu, na naiandika polepole. Siwapangii namna ya kusema na watu wenu. Wengine mna wazazi wenye moyo dhaifu, wengine watoto wadogo. Ila awepo mtu mmoja, mmoja tu, anayeujua ukweli kabla hamjapiga hodi. Usiku ukiwa mgumu, muwe na wa kumwamsha.

Mnisamehe, naomba dakika chache kwa ajili ya watu wasiokuwamo humu.

Kila mmoja wetu amefanya kazi na Waafghani. Ghalani kwetu yupo mmoja, tumepakia paleti pamoja tangu nifike. Amenifundisha kuhesabu kwa Kipashto, nami nimemfundisha kusema "pole pole" kila tunaposhusha mzigo mzito, na sasa anaisema vizuri kuliko mimi. Kila jioni, kabla ya kufika kwenye lango, anavua kiatu cha kushoto na kuiweka kadi yake ya kazi chini ya soli ya ndani. Kadi ile ile inayonilinda mimi, kwake njiani ni hukumu. Wenzake wamepata barua za usiku, zile zinazobandikwa mlangoni: acha kazi ya wageni au utauawa. Mei mwaka huu viongozi wa NATO walikubaliana Chicago kwamba wamalize kazi ya kivita ifikapo mwisho wa 2014. Sisi tunahesabu siku za mkataba kwa furaha. Yeye naye anahesabu, ila kwake zikiisha hakuna ndege.

Ipo sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inayompa njia ya viza Mwafghani aliyeitumikia serikali hiyo, au wakandarasi wake, kwa angalau mwaka mmoja na ambaye maisha yake yako hatarini kwa sababu hiyo. Inahitaji karatasi nyingi. Mojawapo ni barua ya mkubwa wake wa kazi inayothibitisha utumishi wake. Na mnajua wakubwa wetu hukaa muda gani. Miezi sita, mwaka, wamekwenda, na yule Mwafghani anabaki kutafuta saini ya mtu aliye bara jingine, mwenye anwani ya barua pepe iliyofungwa. Maswali yake ni yale yale niliyoulizwa mimi. Tarehe gani? Nani alikuona?

Barua yangu mimi haina uzito huo, mimi ni mtunza ghala na si Mmarekani. Lakini mdomo ninao. Jumatatu iliyopita nilimfuata msimamizi wetu, ambaye naye anaondoka Desemba, nikamwambia: kabla hujafunga begi, mwandikie huyu. Nikamwekea mezani tarehe aliyoanza kazi, zamu zake, na ile siku ya moto wa jenereta alipoingia ndani na mtungi wa kuzimia moto. Alinitazama, akasema hakuwa amelifikiria. Juzi ameiandika, na kuisaini. Ilimchukua dakika arobaini. Kila mmoja wenu ana msimamizi, na kila mmoja wenu anamjua Mwafghani mmoja kwa jina. Muda bado upo, lakini ni huu.

Najua kuna wanaosema, mzee, mimi nilikuja kutafuta fedha, nimeipata, nataka kwenda kulala nyumbani kwangu, haya mengine ya nini. Nakuelewa. Nami nilikuja kutafuta fedha na sioni aibu kusema. Mshahara huu umesomesha watu, umejenga nyumba, umetibu wazazi. Ila usiniambie ulichokileta hapa ni mikono tu. Nimeona wapishi waliotoka handakini wakarudi jikoni na magoti yanayotetemeka, kwa sababu wali ulikuwa motoni na watu elfu kadhaa walikuwa hawajala. Nimeona fundi akipanda nguzo usiku baada ya shambulio, hospitali ya kambi ipate umeme. Hakuna aliyepiga picha. Mimi niliona. Nanyi mmeona ya wenzenu ambayo wao wenyewe hawawezi kuyasema, kwa kuwa mtu hajioni akiwa jasiri. Anajiona akiogopa.

Nimeleta daftari. Ni lile la ghala, kubwa, la mistari, na limebaki tupu upande mmoja. Liko pale mezani, na kalamu nimeziweka sita. Utaratibu nimeufikiria hivi: kila mtu apate ukurasa wake, juu aandike jina lake, kwao, na tarehe aliyofika. Halafu msiandike ninyi wenyewe. Waacheni wenzenu waandike walichowaona mkikifanya, au mkipatwa nacho, na waweke saini. Kuna ndugu wa ofisi ya makarani aliyekubali kupiga nakala usiku huu, kila mtu aondoke na karatasi zake. Wa zamu ya usiku waanze wao, wasichelewe. Mimi nitakaa hapa mpaka wa mwisho amalize, hata iwe alfajiri.

Na ukurasa wa kwanza nimeshauanza mchana. Si wangu.

Yule dada wa dobi amerudishwa kambi hii wiki tatu zilizopita. Nilimwona foleni ya chakula, nikaacha sahani yangu. Amekaa pale nyuma, karibu na mlango, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, na akiulizwa husema ni uzito wa mashuka. Dada yangu, samahani nakutaja mbele za watu. Njoo mbele kidogo. Usiku ule wa Agosti, tarehe 16, nimeihakikisha kwa vitabu vya ghala, ulianguka na mkono ule chini yako, na paleti ikakuangukia begani. Ukautoa mkono, ukatambaa kwenye tope mpaka kwa mzee wa lori, ukamvuta kwa kola mpaka kwenye handaki kwa mkono mmoja. Halafu ndipo ukaja kuniangalia sikio. Nimeandika yote hayo, na nimeweka saini yangu chini. Mimi nilikuona.